Ikiwa Tupu, Weka Sifuri

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeambiwa, kwa upole na kikombe cha chai juu, kwamba lugha niliyoandikia programu kwa miaka ishirini na miwili imezeeka. Mkurugenzi hakusema "umezeeka". Alisema "imezeeka", huku anaziangalia mvi zangu.

Niandike vizuri, hasira zisinitangulie. Programu yetu inalinda mtaa wa chini. Kipimo kimoja kimefungwa kwenye daraja la juu, huko milimani, na kingine karibu kabisa na mtaa. Kila dakika kumi vinatuma urefu wa maji. Maji yakipita mita nne pale darajani, programu inapiga king'ora, na watu wa mtaa wa chini wanakuwa na saa moja na nusu ya kupanda kilimani kabla mto haujawafikia. Ni watu elfu sita, na mmoja wao ni Baba yangu, ambaye hataki kusikia habari ya kuhama.

Programu hiyo niliiandika mimi, mstari kwa mstari. Sasa inaandikwa upya kwa lugha mpya, na ni lazima iwe tayari mwisho wa mwezi huu kabla mvua hazijakolea. Aliyeletwa kuongoza kazi ni binti wa miaka ishirini na saba anayeongea kama anafukuzwa na mbwa. Nimeshambatiza Chapchap.

Jumanne, 4 Machi

"Shikamoo, Mama. Usiogope, hii lugha si ngeni kabisa, imepanda mgongoni mwa ile yako, inatembea kwenye mashine ileile, inatumia maktaba zilezile za vipande vilivyokwisha kuandikwa, kwa hiyo nusu ya kazi unaijua tayari." Chapchap kayasema yote hayo kwa pumzi moja.

Nikamwambia basi hiyo lugha ni bibi harusi: ameingia nyumba aliyoikuta imejengwa, anapikia sufuria za mama mkwe, na bado anasema jiko ni lake. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu hapo ofisi nzima inaziita hivyo, Bibi Harusi na Mama Mkwe. Nilitaka kuchoma, nikaishia kuchekesha.

Jumatano, 5 Machi

Mistari kumi na miwili, makosa arobaini. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Baba. Alikuwa mlangoni na kioo chake jichoni, anafungua saa ya mtu. Fundi saa hastaafu, anasema, saa ndizo zinazostaafu. Nimemkuta na jirani yake Mshonaji, ambaye chumba chake kimepakana na cha Baba, na cherehani yake inasikika ukutani kuanzia asubuhi. Bila yule mama Baba angekuwa anakunywa chai isiyo na sukari na kula akikumbuka.

"Baba, njoo ukae kwangu mpaka mvua ziishe."

"Nije nifanye nini? Nikutazame ukigombana na kompyuta?"

"Mto, Baba."

"Mto una king'ora, na king'ora nimekizaa mimi," akasema, akimgeukia Mshonaji. "Huyu ndiye aliyekitengeneza." Mshonaji akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilijisikia mkubwa, na nilijisikia mwongo kidogo, kwa sababu wiki nzima sikuwa nimeandika hata kipande kimoja kilichofanya kazi.

Jumanne, 11 Machi

Bibi Harusi ana mkaguzi wake humo humo ndani ya kompyuta. Kabla programu haijaendeshwa, anapita kila mstari na kuupigia mstari mwekundu palipo na shaka. Mama Mkwe alikuwa anakuacha uanguke uone mwenyewe. Huyu anakuzuia mlangoni: hiki ni nini, kile ni nani, na kama hakipo je? Leo nimemwambia kwa sauti, mbele za watu, "Hebu nyamaza!" Chapchap alijifanya hakusikia.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza ya maana, na aibu yangu ya kila mwaka imekuja mbele ya mgeni.

Kipimo cha daraja la juu kilinyamaza, pengine ni tope, pengine ni waya. Programu ikasubiri namba, ikapata utupu, ikajaribu kupigia utupu hesabu, ikaanguka chali. Ikianguka, mashine ya ofisini hupiga yenyewe simu ya zamu, halafu mimi naiwasha upya. Simu ya zamu iko kwa Mpima Mto, mzee anayeishi jirani na daraja la juu. Alikabidhiwa zamani na bosi aliyekwisha kustaafu, sijui hata kwa nini.

"Inaanguka mara ngapi hivi?" Chapchap akauliza.

"Wakati wa mvua? Mara mbili kwa wiki."

Akapiga mluzi. "Mama, hiyo haitatokea tena. Bibi Harusi haanguki." Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimeiva! Niandike yote kabla furaha haijapoa.

Kompyuta yangu ilikuwa inafanyiwa matengenezo, kwa hiyo tulikaa wawili kwenye ya Chapchap, zamu kwa zamu. Tulikuwa tunaandika sehemu inayosoma vipimo. Maktaba inayozungumza na vipimo ni ya Mama Mkwe, ya zamani, hatuigusi, tunaitumia tu. Chapchap alinieleza kwa mfano wangu mwenyewe, mjanja yule: "Vyombo vya Bibi Harusi vina lebo, hiki kimejaa daima, hiki chaweza kuwa tupu. Vya kabati la Mama Mkwe havina lebo. Ukitoa kitu humo, Mama, usiamini kimejaa. Kifungue uangalie."

Basi nikaweka lebo: namba ya kipimo yaweza kuwa tupu. Papo hapo mkaguzi akawaka mwekundu: na ikiwa tupu je? Chapchap akaitwa kwenye simu. Nimebaki mimi na mkaguzi tunatazamana. Nilikuwa nimechoka, na kesho tunatakiwa kukabidhi sehemu hiyo. Nikaandika: ikiwa tupu, weka sifuri.

Akanyamaza. Skrini nzima ikawa safi, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Chapchap aliporudi akapitisha macho, akaona hakuna wekundu, akanipiga begani. "Mama, umeshaiva wewe!" Akabonyeza kukubali, tukaenda kula. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Tumeijaribu programu kwa kipimo kinacholeta namba: maji kidogo, maji mengi, maji ya kutisha. King'ora kimelia kila kilipotakiwa kulia.

Jumatatu, 31 Machi

Mama Mkwe amezimwa saa nne asubuhi. Nimelia chooni dakika tatu, nikanawa uso, nikarudi kupiga makofi na wengine.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Programu haijaanguka hata mara moja.

Nimemkuta Chapchap anasoma mistari yangu ya zamani, ile iliyozimwa. Nilidhani anatafuta cha kucheka. "Mama, hapa unapokadiria kasi ya maji kwa kutumia namba tatu za mwisho, ulifikiria mwenyewe?" Nikasema nilifikiria mwenyewe, nikiwa na mtoto mgongoni. Akasema, "Nimeihamisha kama ilivyo. Sikuthubutu kugusa." Mwezi mzima nimekuwa nikimnunia mtu aliyekuwa ananiheshimu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mpima Mto amekuja ofisini, amelowa mpaka kwenye soksi, kufuata betri ya kipimo.

"Mashine yenu imeninunia?" akaniuliza. "Tangu mwezi huu uanze hainipigii. Miaka yote mvua ikinyesha inanipigia."

Nikacheka. "Imepona, mzee. Haianguki tena."

"Eti imepona." Akatikisa kichwa, akaweka betri kwenye mfuko wa plastiki. "Haya. Nilikuwa nimezoea tu kuinuka."

Nilimsindikiza mpaka getini nikijisifu.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Baba bado amegoma kuja. "Kuna saa tatu za watu hapa, nitazibeba vipi?"

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Daraja la juu mita mbili na nusu. Sisi wawili tunatazama skrini kama wazazi wa mgonjwa. Chapchap ameacha kuongea haraka. Karibu anaacha kuongea kabisa.

Alhamisi, 24 Aprili

Nikilala bila kuandika nitakuja kujidanganya.

Tangu asubuhi mvua ilikuwa inapiga milimani. Saa saba kamili mchana daraja la juu lilikuwa mita tatu na kidogo. Mkurugenzi akatuita ghorofani kwa kikao, kikao cha viti vipya, Mungu anisamehe, na tukakaa huko zaidi ya saa moja. Nilikuwa na simu mkononi, na simu ilikuwa kimya, na kimya nilikipokea kama habari njema.

Saa nane na dakika ishirini tukashuka. Skrini ilikuwa ya kijani juu mpaka chini. Nikavuta pumzi. Kisha nikasoma namba. Kipimo cha chini: mita moja na nusu. Daraja la juu: sifuri.

"Mama," Chapchap akasema polepole, "mto umekauka?"

Nilikuwa nimeshaelewa. Mto wenye mafuriko hauwi sifuri. Sifuri ile haikutoka mtoni. Ilitoka kwangu. Kipimo kilikuwa kimenyamaza, na kila dakika kumi, tangu saa saba na nusu, programu iliuliza maji ni kiasi gani, ikapata utupu, ikaweka sifuri nzuri ya kijani, ikaendelea na safari bila kuanguka.

Nikabonyeza king'ora kwa mkono. Saa nane na dakika ishirini na tatu. Mpaka leo asubuhi ningekwambia dakika hamsini si kitu.

Nikampigia Mpima Mto. Alikuwa analia, mzee mzima. "Daraja halipo, mwanangu. Limekwenda na kipimo. Nilikuwa juu ya paa naziba matundu, nikasikia mlio nikadhani radi. Sikupigiwa! Mbona sikupigiwa?"

Ndipo akaniambia jambo ambalo miaka ishirini na miwili nimelipita kama chura barabarani. Yule bosi wa zamani hakumpa simu ya zamu kwa ajili ya mashine. Alimwambia hivi: simu hii ikilia, usipokee, chukua koti nenda kautazame mto kwa macho yako, kisha utuambie. Kila programu yangu ilipoanguka, yule mzee aliinuka akaenda mtoni. Aibu yangu ndiyo ilikuwa king'ora cha kwanza. Na mimi nikaiponya.

Baba hakupokea. Nimepiga mara thelathini na moja. Chapchap alinishika mkono tukatoka mbio mpaka shule ya kilimani, wanakokimbilia watu wa mtaa wa chini, na huko kila mzee mwenye kofia alikuwa Baba mpaka anapogeuka. Watu walikuwa wanapanda wamelowa kiunoni. Halafu wakaja waliolowa kifuani. Nilikuwa nauliza kila mtu: fundi saa, mmemwona fundi saa? Nilisikia sauti yangu, ilikuwa sauti ya mtoto.

Saa kumi na moja jioni vijana wawili walimleta wamemlaza juu ya mlango uliong'olewa. Alikuwa baridi kama samaki, amekumbatia bati la vifaa, na ndani ya bati saa tatu za watu, kavu.

Maneno yake ya kwanza: "Mshonaji yuko wapi? Nilimgongea ukutani."

Ijumaa, 25 Aprili

Wamempata Mshonaji. Katika watu elfu sita amefariki mmoja, na redio inasema ni muujiza.

Jumapili, 27 Aprili

Mazishi. Nilisimama nyuma kabisa. Baba alitaka kwenda na blanketi lake, nikamsaidia kutembea. Binti wa Mshonaji alitupokea kwa adabu zote, akanishukuru kwa kuja. Akanishukuru!

Jumatatu, 28 Aprili

Mkurugenzi ameweka karatasi mezani. Kumbukumbu ya programu inaonyesha kila mstari na jina la aliyeuandika. Ikiwa tupu, weka sifuri: umeandikwa tarehe kumi na tisa Machi, kwa jina la Chapchap, kwa kuwa kompyuta ilikuwa yake. Aliyeukubali, Chapchap.

"Una la kusema?" akamuuliza.

Chapchap alitazama meza. "Niliukagua mimi. Sina la kusema."

"Utaondoka mwisho wa wiki. Na tunarudi kwa lugha ya zamani." Akanigeukia. "Mama, utasimamia wewe. Tungekusikiliza tangu mwanzo."

Kila nilichokitaka tarehe tatu Machi nimewekewa mezani kwenye sahani. Na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mzazi, mwenye mdomo unaojulikana jengo zima, nilinyamaza. Nikasema, "Sawa, Mkurugenzi." Nimeiandika hapa ili iwepo mahali. Nilisema sawa.

Jumanne, 29 Aprili

Alikuwa anafunga vitu vyake kwenye boksi. Nikafunga mlango.

"Mbona hukunitaja?"

"Ungetaka nikutaje?"

"Nimekuuliza mimi."

Akaketi juu ya boksi. Safari hii aliongea taratibu. "Mama, niliona hakuna wekundu, nikabonyeza. Sikusoma. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Wewe ulikuwa unajifunza, mimi nilikuwa najua." Kisha akafuta pua kwa mkono. "Halafu baba yako alikuwa bado anakohoa maji. Ningekutaja vipi?"

Nimekuwa mkali kwa huyu mtoto tangu siku ya kwanza, na amenifunika kwa nguo yake mwenyewe.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeingia kwa Mkurugenzi bila kubisha, maana ningebisha ningegeuka.

"Mstari ule ni wangu. Vidole ni vyangu, akili ni yangu. Yeye alikuwa kwenye simu."

Akauliza kama Chapchap amenituma. Nikamwambia nina miaka hamsini na mmoja, situmwi. Akauliza kama ninaelewa ninachokisema. Nikasema ninaelewa kuliko yeye, na nina la pili. Tukirudi kwa lugha ya zamani tutakuwa tumefukuza paka, panya tumewaacha ndani. Bibi Harusi hakukosea. Aliniuliza swali la haki kabisa, ikiwa tupu je, na mimi nilimjibu ili anyamaze. Mama Mkwe hakuwahi hata kuuliza. Tulikuwa tunaokolewa na kuanguka kwake na miguu ya mzee mmoja, wala hatukujua.

Barua zimetoka jioni. Mimi nimevuliwa usimamizi na uchunguzi unaendelea, na huenda nisimalize mwaka hapa. Chapchap anabaki, kwa onyo. Tumepewa siku mbili kuirekebisha.

Ijumaa, 2 Mei

Tumeirekebisha. Kipimo kikinyamaza, skrini inakuwa nyekundu na inaandika "sijui", na simu inapigwa kwa orodha ya watu mpaka mmoja aende akatazame. Chapchap aliandika, mimi nikasoma, kila herufi, kwa kidole. Kisha tukabadilishana. Tumevizima vipimo, cha chini na kipya kilichofungwa juu, kwa makusudi mara hamsini. Mpima Mto amepigiwa mara hamsini, akaomba tumhurumie.

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwambia Baba asubuhi, bado amelala kitandani kwangu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa.

"Mimi nimepona," akasema. "Usiniombe mimi msamaha. Wa kuombwa ni binti wa Mshonaji, yuko kwa shangazi yake."

"Naogopa, Baba."

"Ogopa huku unakwenda."

Nimekwenda. Binti wa Mshonaji alinifungulia, akaniwekea kiti, akataka kuchemsha chai. Nikamwambia akae kwanza. Nikamweleza bila maneno ya kazini: kipimo kilivunjika, programu ikauliza, ikakosa jibu, na mimi mwezi mmoja kabla nilikuwa nimeifunza kwamba ikikosa jibu iseme hakuna maji. Nikamwomba msamaha.

"Kwa hiyo haikuwa inajua."

"Haikuwa inajua."

"Na wewe ukaisemea."

"Nikaisemea."

Aliangalia mikono yake. "Nilimpigia simu saa nane. Nilisikia huko juu kumeharibika. Nikamwambia, Mama, toka sasa hivi. Akaniambia, mwanangu, wenye mashine wangekuwa wameshasema. Ngoja nimalize pindo hili."

Nililia mbele yake, na nilijua sina haki ya kulia mbele yake. Hakunifukuza. Wala hakusema amenisamehe, na mimi sikumwomba mara ya pili. Mwishowe aliuliza kama programu bado inafanya kazi. Nikasema inafanya, na nikamweleza habari ya orodha.

"Niandike mimi," akasema. "Kikinyamaza, nipigieni na mimi. Nitakwenda nyumba kwa nyumba."

Nimerudi ofisini, ingawa ni Jumamosi, nikaandika namba yake. Wa kwanza ni Mpima Mto, wa pili ni yeye.